Dansi ya Tatu, Saa Tatu na Dakika Arobaini

Jumatatu, 9 Oktoba. Wiki ya 41 ya mwaka.

Ratiba imekamilika. Vipengele arobaini na sita kwa siku tatu, kurasa nne, na pembeni kisanduku cha kuweka alama ya vema kila jambo likishatimizwa. Sidhani kama Stockholm imewahi kutembelewa kwa mpangilio huu tangu ijengwe.

Naeleza kwa utaratibu, maana shajara isiyoeleweka ni sawa na karatasi tupu. Mimi ni Alvar Rydholm, umri miaka sabini na mmoja, mwalimu wa historia mstaafu, mjane, mkazi wa mji mdogo wa Hedemora. Naishi na dada yangu Dagny, ambaye alinitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu na hajanisamehe kumfuata. Kila Jumatatu tunakwenda kwenye kikundi chetu cha kusoma historia. Kwanza kahawa na maandazi ya iliki, kisha historia, ikiwa muda umebaki. Kikundini yumo Solveig Tapper, mjane, mfamasia mstaafu. Akicheka huvua miwani kwanza.

Safari ya Stockholm, Solveig, Dagny na mimi, tulikubaliana tangu Agosti. Kula vizuri, kutazama mji, kucheza dansi, kurudi. Jambo dogo. Lakini leo Solveig alitupa habari katikati ya kahawa. Binti yake aliyeko mji wa mbali wa Malmö amempatia nyumba ghorofani, mtaa mmoja naye. Jibu linatakiwa Jumatatu ijayo saa sita mchana. Alisema bado hajaamua, akanitazama. Mimi nikatazama kalenda.

Wiki nzima! Inatosha kabisa.

Kwa hiyo nimeongeza kipengele cha 38. Jumamosi, saa tatu na dakika arobaini usiku, ukumbi wa Sungura wa Dhahabu: dansi ya tatu. Hapo nitamwomba Solveig asihame. Simaanishi ndoa. Sisi wajane wa huku siku hizi hubaki kila mmoja na nyumba yake, na mswaki wa pili bafuni kwa mwenzake. Mimi nataka mswaki huo tu.

Kwa nini dansi ya tatu? Kanuni ya kumbi zetu haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua. Ukimwomba mwanamke dansi, unacheza naye mbili, unamshukuru, unamrudisha kitini. Kucheza moja ni tusi. Mbili ni adabu. Tatu mfululizo ni barua ya posa, na ukumbi mzima huisoma.

Katika nakala ya Solveig nimekifuta kipengele cha 38 kwa wino mweusi. Isingefaa akisome kabla.

Jumanne, 10 Oktoba.

Pigo. Kjell-Åke Norling anakuja nasi.

Huyu alikuwa daktari wa meno. Ana meno yake yote na huyaonyesha. Anacheza dansi kama mtu aliyezaliwa juu ya sakafu iliyopigwa nta. Solveig alikutana naye kwa mwoka mikate, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba ya foleni mkononi, na namba zilikuwa mbali. Mazungumzo yakawa marefu. Akataja safari. Yule akauliza kama kuna nafasi. Solveig akasema kwa nini isiwepo.

Alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, nasikia unawapeleka mjini wanawake wawili peke yako. Mzigo huo utakuvunja mgongo, mzee mwenzangu. Nakuja kukupokea upande mmoja."

Nilimwambia tutafurahi sana. Kisha nikakaa mezani saa mbili nikimpangia. Nimemtafutia tiketi ya mpira wa magongo wa barafuni, Jumamosi jioni, kiti kizuri, mbali na ukumbi wetu kadiri mji unavyoruhusu. Anaupenda mchezo huo kupita kiasi. Nitampa kama zawadi. Atanishukuru, na saa tatu na dakika arobaini atakuwa anapiga kelele upande wa pili wa Stockholm.

Nimeongeza pia mpango wa viti mezani, mpango wa viti kwenye treni, na mpangilio wa nani atembee kando ya nani kwenye njia nyembamba. Sasa vipengele ni hamsini na vitatu. Ratiba imepata uzito. Inapendeza.

Jumatano, 11 Oktoba.

Mazoezi ya dansi jikoni na Dagny. Mitindo miwili, foksi na walzi. Nilimkanyaga mara nne katika foksi. Katika walzi tulivunja bakuli, ila hilo lilikuwa kosa la bakuli kuwekwa pale.

Dagny aliuliza kwa nini nisivuke barabara tu nikagonge mlango wa Solveig nimwambie. Ni mwendo wa dakika nne. Nilimweleza kwa upole kwamba jambo kubwa lahitaji mahali, wakati na muziki. Akasema marehemu mumewe alimposa kwenye banda la kuku, mvua ikinyesha, na banda lile halikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Nikamwambia ndiyo maana sherehe yao ilinyeshewa pia.

Hakunipikia chakula cha jioni.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Leo jaribio kuu. Mpango usiojaribiwa ni ndoto. Niliamua tutembee ratiba ya Jumamosi yote hapahapa Hedemora, kwa saa ya kupimia mbio. Kanisa letu likawa Kasri la Mfalme. Maktaba ikawa jumba la makumbusho. Duka la rangi likawa Mji Mkongwe wa Stockholm, kwa kuwa nao una rangi nyingi.

Dagny alikubali kuwa Solveig. Kasri tulifika tumechelewa dakika sita. Makumbusho, dakika kumi na tisa. Tulipofika Mji Mkongwe Dagny alikuwa na lengelenge kisiginoni na tulikuwa nyuma kwa dakika arobaini na moja. Alikaa kwenye ngazi za duka la rangi akasema Solveig amekufa, tumzike hapo.

Nilisimamisha jaribio. Kuendelea kungetukatisha tamaa bure, na matokeo yake yalikuwa yanaharibu ratiba.

Nyumbani tulikunywa supu ya njegere kama kila Alhamisi, na chapati za maji na jamu. Nikiwa kwenye supu nilipata wazo la kuongeza vipengele vinane vya kufidia muda uliopotea. Sasa ni sitini na kimoja.

Ijumaa, 13 Oktoba. Stockholm.

Treni iliondoka kwa wakati. Mpango wa viti ulivunjika ndani ya dakika moja, kwa kuwa Kjell-Åke alisema akikaa kinyume na mwendo hupata kichefuchefu, na kiti pekee kinachotazama mbele kilikuwa kando ya Solveig. Nilimpa tiketi yake ya mpira. Alinikumbatia. Alinukia mafuta ya kunyolea ya bei mbaya.

Hoteli safi. Baridi, mvua ya manyunyu, majani yameganda njiani.

Chakula cha jioni katika mkahawa wa Nanga Tatu, meza ya saa kumi na mbili na nusu. Tulifika mlangoni dakika kumi kabla. Mtu aliyelelewa vizuri anajua: kufika mapema ni kumvamia mwenyeji, kuchelewa ni kumdharau. Kwa hiyo mtu huzunguka mtaa hadi dakika yake ifike. Baba yangu alizunguka mitaa maisha yake yote, katika theluji, akiwa na maua mkononi. Nikawaongoza wenzangu kuzunguka.

Mzunguko wa kwanza tulikuwa wanne. Wa pili tulikuwa wawili, mimi na Dagny. Wa tatu nilikuwa peke yangu. Nilipopita dirishani niliwaona watatu wamekaa ndani, mishumaa imewashwa, Kjell-Åke akimpakia Solveig siagi kwenye mkate. Solveig alinipungia mkono niingie. Nilimwonyesha saa yangu. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

Nikaingia kwa wakati barabara, maji yakinichuruzika. Mhudumu alisema wenzangu walimweleza kwamba nipo nje na ninafanya mazoezi. Kiti kilichobaki kilitazama rafu ya makoti. Samaki wa heringi waliolowekwa kwenye siki walikuwa wazuri sana. Kababu pia. Nilikula nikitazama koti la mtu nisiyemjua.

Solveig aliniletea leso yake nijifute. Sikuwa nimepanga jambo hilo, nikakosa pa kuweka vema.

Jumamosi, 14 Oktoba. Stockholm.

Naandika kwa utaratibu ingawa mkono hautaki.

Asubuhi nzuri. Kasri, vema. Mji Mkongwe, vema, kwa mwendo wa haraka. Saa tano jumba la makumbusho ya meli ya Vasa, ambalo lilikuwa limetengewa dakika ishirini. Tulikaa saa moja na dakika kumi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikieleza na sikuweza kujikatiza.

Nilianza mwanzo. Karibu miaka mia nne iliyopita mfalme alitaka meli ya fahari kuliko zote. Mizinga sitini na minne, sitaha mbili za mizinga, masanamu juu hadi chini. Kila walipoongeza kitu, waliongeza juu. Kabla ya safari wakaijaribu ikiwa bandarini: mabaharia thelathini waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu huu hadi ule. Walipokimbia mara tatu meli ilianza kulala. Mkubwa wao akaamuru waache, maana wangeendelea ingepinduka palepale. Kisha, badala ya kuipunguza, wakaisafirisha. Ilikwenda mita elfu moja na mia tatu. Upepo mdogo, wa kukaushia nguo tu, ukaigusa, ikazama mji mzima ukitazama.

Solveig aliuliza kwa nini hakuna aliyesema kitu wakati wa lile jaribio. Swali zuri. Nilimjibu kwamba watu waliopenda mpango wao kupita kiasi hawasikii hata ukiwapigia ngoma.

Dagny alikohoa kwa muda mrefu. Nadhani ni baridi ya jana.

Jioni Kjell-Åke aliondoka kwenda kwenye mpira, shingoni amejifunga skafu ya timu yake. Nilimsindikiza hadi kituoni kuhakikisha amepanda. Alipanda.

Saa mbili usiku tulikuwa Sungura wa Dhahabu. Sakafu nzuri ya mbao, bendi ya watu watano wenye makoti ya buluu, watu wa umri wetu. Nilicheza mbili na Dagny za kupasha misuli. Solveig alicheza mbili na mwanamume mmoja mjane kutoka Uppsala, ambaye alimrudisha kitini kwa adabu. Nikakaa. Nikapitia maneno yangu. Ilikuwa bado saa tatu kasoro robo.

Saa tatu na dakika tano kiongozi wa bendi alitangaza zamu ya wanawake kuchagua. Hii nayo ni desturi: kila baada ya muda wanaume hukaa, na wanawake ndio huomba. Solveig aliinuka. Mjane wa Uppsala akanyoosha tai. Solveig akampita. Akavuka sakafu nzima, akaja akasimama mbele yangu.

Ya kwanza ilikuwa foksi. Sikumkanyaga. Ya pili walzi. Sikumkanyaga. Alikuwa anaimba wimbo kwa sauti ndogo, na mimi, lazima niseme ukweli humu, nilisahau ratiba kwa dakika tatu nzima.

Walzi ikaisha. Nikalegeza mkono nimshukuru. Yeye hakulegeza wa kwake. Kiongozi wa bendi akaanza kuhesabu tena.

"Alvar," akasema, "muziki bado unaendelea."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi na saba. Dansi ya tatu ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Maneno yangu nilikuwa nimeyapitia hadi katikati tu. Na kama ningecheza naye tatu sasa, ile ya saa tatu na dakika arobaini ingekuwa ya nne au ya tano, ambayo haina maana yoyote inayojulikana.

Nikainama. Nikamshukuru. Nikamshika kiwiko, nikamrudisha kitini kama kanuni inavyotaka.

Alinitazama kama anavyotazamwa mteja aliyepewa dawa akairudisha dirishani.

Saa tatu na nusu mlango ukafunguka, Kjell-Åke huyo, skafu shingoni. Tiketi alikuwa amemwachia mtu aliyemkuta getini analia kwa kukosa yake. Alisema mpira huonekana vizuri zaidi kwenye televisheni, lakini dansi lazima uwepo mwenyewe.

Saa tatu na dakika thelathini na nane nilisimama. Nikafunga kifungo cha koti. Saa tatu na dakika arobaini kamili nilikuwa mbele ya Solveig, mkono nimeunyoosha.

Bendi ikaweka vyombo chini. Mapumziko ya kahawa, dakika ishirini.

Nikabaki nimesimama pale na mkono wangu. Mhudumu akaniwekea kikombe mkononi.

Baada ya mapumziko Kjell-Åke alimwomba Solveig. Nikahesabu. Moja. Mbili. Nikasubiri amrudishe.

Tatu.

Nne.

Jumapili, 15 Oktoba. Nyumbani.

Treni ya saa saba. Vipengele vya 57 hadi 61 vyote vina vema, vikiwemo kununua kumbukumbu na kutazama mto. Kwa ujumla asilimia tisini na saba ya ratiba imetimizwa. Sijui safari nyingi zenye rekodi hiyo.

Kjell-Åke alilala kabla hatujatoka mjini, mdomo wazi, meno yote hadharani. Solveig alikuwa akitazama misitu. Kisha akaitoa nakala yake ya ratiba mkobani, imekunjwa vizuri, akaweka kidole palipofutwa kwa wino. Akaniuliza kipengele cha 38 kilikuwa nini.

Nilifikiri. Treni haikuwa mahali pake. Muziki haukuwepo. Kulikuwa na mtu anakoroma.

"Kimepita muda wake," nikamjibu.

Akasema ni kweli, kuna vitu hupita muda wake, alikuwa akivitupa kila mwezi kwenye duka la dawa. Akaikunja karatasi, akairudisha mkobani. Hakuitupa. Nimelipigia mstari jambo hilo.

Nyumbani Dagny alivua viatu, akaniambia nikae.

"Mdogo wangu. Yule mwanamke alisimama katikati ya ukumbi, mkono wake umo mkononi mwako, na bendi inapiga. Ulidhani anasubiri nini, basi?"

Nikamweleza kwamba ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba.

Akavua miwani, akajifuta macho kwa muda mrefu. Sijui kama alikuwa akicheka au vipi. Akaenda kulala na mwanga bado upo.

Jumatatu, 16 Oktoba. Wiki ya 42.

Saa tano na dakika ishirini Solveig alipiga simu. Akasema binti yake atampigia saa sita kuchukua jibu. Akasema kahawa iko jikoni, mlango hajaufunga, na yuko peke yake. Akasema, "Njoo, Alvar. Njoo hivyohivyo ulivyo."

Nilikuwa nimevaa fulana ya nyumbani. Maneno yangu nilikuwa nimeyaandika upya usiku, lakini bila hitimisho. Nilimwomba anipe hadi saa sita na nusu.

Nilisikia kahawa yake ikichemka.

"Nimekuelewa," akasema.

Niliharakisha sana. Hitimisho zuri, lenye mfano kutoka historia. Nikavaa tai. Dakika nne za kutembea, na kwa kuwa nilifika mapema dakika tatu, nikazunguka mtaa. Saa sita na nusu kamili niligonga.

Alifungua. Macho yalikuwa mekundu kidogo. Alisema amekubali nyumba ya Malmö, anahama wiki ya 46. Akanipa kahawa iliyopoa na andazi la iliki lililobaki. Nilikunywa. Maneno nilikuwa nayo mfukoni, lakini sasa yalikuwa yanajibu swali lililokwisha kufungwa, nikaona yahitaji kurekebishwa kwanza. Mlangoni alinirekebisha tai, akasema huko Malmö kuna ukumbi wa dansi karibu na nyumba mpya, wazi kila Jumamosi. Alilisema mara mbili.

Jioni Kjell-Åke alikuja kwetu bila kualikwa, akakaa jikoni bila kuvua koti. Naye alikuwa amemwomba Solveig asihame. Kwenye dansi ya nne. Solveig alimwambia yeye ni mcheza dansi mzuri sana, lakini usiku ule alikuwa amekwisha kuulizwa na mtu mwingine, mtu ambaye alisahau tu kufungua mdomo.

"Nani huyo, Mwalimu?" akauliza. "Yule wa Uppsala?"

Nilimwambia inaelekea ni yeye. Dagny alitoka akaenda kusimama barazani, kwenye baridi, bila koti.

Baada ya mgeni kuondoka nikakaa mezani na kalamu. Sasa kosa naliona wazi kabisa: ratiba ilikuwa nyepesi mno. Malmö, wiki ya 47, siku tatu. Chakula, mji, dansi. Nimefika kipengele cha themanini na mbili na bado sijafika Jumapili. Mapumziko ya bendi nitayauliza mapema kwa barua. Jaribio hapa Hedemora sitalifanya, lile la kwanza lilitupotezea muda.

Dagny amepita nyuma yangu, amesoma juu ya bega langu, ameniuliza kama sijajifunza kitu. Nimemwonyesha kipengele cha 64. Nimejifunza. Dansi ya tatu nimeihamisha kutoka saa tatu na dakika arobaini hadi saa tatu na dakika kumi na saba, kwa kuwa ushahidi unaonyesha huo ndio wakati anaoupendelea.